Barua ya wazi kwa Baraza la Jiji la Chicago: Burke katoka jela, yale mamlaka yake mnayo bado

Kwa Mheshimiwa Meya Brandon Johnson, waheshimiwa madiwani wote 50 wa Baraza la Jiji la Chicago, na watunga sheria wetu kule Springfield, makao makuu ya jimbo letu la Illinois,

Nawasalimu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu humu Chicago wapo watu wengi wanaoongea Kiswahili, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, watu wanaoendesha malori na kulea wazee wa watu na kufungua saluni, na mambo ya Baraza la Jiji huwa yanawafikia yakiwa yameshapita. Nataka wao ndo waisome kwanza hii barua, wakishaielewa watakuja kuwauliza nyie wenyewe kwenye ofisi zenu za kata, kwa Kiingereza au kwa lugha yoyote watakayoiweza.

Habari ni ya Edward Burke, aliyekuwa diwani wa kata ya 14 na mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, aliyefungwa kwa rushwa. Najua mmeshaichoka. Mzee kashahukumiwa, kaenda jela, katoka, umri umeshapita 80, na kila mkiulizwa jibu ni kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mimi nasema hayajaisha, kwa sababu alichokitumia Burke kukamua watu hakikuwa mali yake binafsi hata siku moja. Yalikuwa ni mamlaka ya kiti cha diwani, na kile kiti sa hizi mmekikalia nyie.

Ngoja nianze na yeye mwenyewe maana bila kumjua alikotoka hamna kitakachoeleweka. Burke kazaliwa Desemba 1943, baba yake Joseph Burke alikuwa diwani wa kata ya 14 upande wa kusini magharibi wa jiji, mtu wa chama cha Democrat tangu zamani zile za chama kugawa kazi na chama kugawa kura. Kijana akaingia polisi, akasoma sheria pale DePaul, mwaka 1968 baba akafariki kwa saratani ya mapafu, na Machi 1969 mtoto akachaguliwa kukaa kwenye kiti cha baba akiwa na miaka 25 tu. Akakaa hapo mpaka Mei 2023. Miaka 54. Hakuna diwani mwingine kwenye historia ya Chicago aliyekaa muda huo. Mameya wamekuja wameondoka, Daley baba, Daley mtoto, Emanuel, Lightfoot, yeye yupo tu na suti zake nzuri na sauti yake ya taratibu.

Na sio kwamba alikuwa amekaa tu, mwaka 1983 watu wa Chicago walipomchagua Harold Washington kuwa meya wa kwanza mweusi, Burke na mwenzake Edward Vrdolyak ndo waliongoza madiwani 29, karibu wote wazungu, kumzuia yule meya asifanye kazi. Wao 29, upande wa meya 21, na miaka mitatu karibu kila anachokileta Washington kinakwamishwa, kila anayemteua anaachwa anasubiri. Ilibidi mahakama iamuru mipaka ya kata ichorwe upya na uchaguzi wa marudio ufanyike 1986 ndo meya akapata pa kupumulia. Kipindi hichohicho ndo Burke alipata uenyekiti wa Kamati ya Fedha. Akaupoteza 1987, akaurudisha 1989, na hapo hakutoka tena mpaka Januari 2019.

Nisiwe mchoyo, yapo mema aliyoyafanya. Alipigania sana sheria za kuzuia sigara sehemu za watu, na kwa mtu aliyemzika baba kwa saratani ya mapafu naamini uchungu ule ulikuwa wa kweli. Watu wa kata yake wanakumbuka alivyowasaidia, mtu kafiwa yupo msibani, mtu kaumwa yupo hospitali. Haya nayasema mapema kwa sababu nitayarudia kwenye hukumu yake.

Sasa Kamati ya Fedha. Wengi hatukujua ile kamati ilikuwa nini mpaka kesi ilipofika. Karibu kila shilingi ya jiji ilikuwa inapita pale, mikopo, fidia ya mtu aliyepigwa na polisi, misamaha ya kodi kwa wawekezaji. Na juu ya hayo kamati ndo ilikuwa inaendesha malipo ya wafanyakazi wa jiji walioumia kazini, kitu cha dola milioni 100 hivi kwa mwaka, na mkaguzi mkuu wa jiji alikuwa haruhusiwi kuukagua ule mfuko. Dola milioni 100 kila mwaka zinasimamiwa na diwani mmoja na watu aliowaajiri mwenyewe, na mkaguzi anafungiwa mlango! Waheshimiwa baadhi yenu mlikuwemo humo humo ukumbini miaka hiyo. Mlikuwa mnaona.

Halafu mtu huyohuyo ana ofisi yake ya uwakili, Klafter & Burke, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatetea wenye majengo makubwa wapunguziwe kodi ya majengo, mpaka lile ghorofa la Trump pale mtoni lilikuwa mteja wake kwa miaka. Yaani mwenye jengo anahitaji kibali cha jiji, mwenye neno la mwisho kuhusu kibali ni Burke, na mwenye jengo anahitaji wakili wa kodi, na wakili ni Burke. Kwetu tuna msemo mkono mtupu haulambwi, na kila mfanyabiashara mkubwa wa Chicago alikuwa anaujua huo msemo kwa lugha yake.

Niwaonyeshe jinsi ilivyokuwa inafanyika, maana magazeti yakisema rushwa mtu anafikiria bahasha chini ya meza. Hapa hapakuwa na bahasha.

Kuna Burger King barabara ya Pulaski karibu na mtaa wa 41, ndani ya kata yake. Mwaka 2017 kampuni ya Texas iliyokuwa inamiliki ule mgahawa ilitaka kuukarabati. Burke akawaita chakula cha mchana klabu ya gofu, wakaongea vizuri, akataka ofisi yake ipewe kazi zao za kodi, na zile kazi zilipochelewa kuja, mafundi wapo kazini, watu wa ofisi ya kata wakafika kusema ukarabati usimame kwa sababu ya vibali vya njia ya kuingilia magari. Njia ya magari tu, kipande cha zege kati ya barabara na maegesho! Mafundi wakasimama, biashara imefungwa hela inapotea kila siku, na mwenye mali anaelewa kabisa anachodaiwa ni nini bila mtu kutamka.

Na mjue ule mgahawa ni upi. Ni palepale ambapo usiku wa Oktoba 20 mwaka 2014 kijana Laquan McDonald wa miaka 17 alipigwa risasi 16 na polisi, katikati ya barabara, hatua chache kutoka kwenye yale maegesho. Na Aprili 2015 fidia ya dola milioni 5 kwa familia yake ilipita kwenye Kamati ya Fedha, mwenyekiti Burke, kabla hata familia haijafungua kesi, na video ya polisi wananchi tulikuwa bado hatujaonyeshwa. Miaka miwili baadaye mtu huyohuyo anaangalia eneo lilelile na anachokiona ni mteja wa ofisi yake ya uwakili. Mimi hiki kitu kinaniuma kuliko chochote kwenye hii kesi na sijaona kikiongelewa vya kutosha.

Ya pili ni jengo la Posta ya zamani, lile kubwa ambalo barabara kuu inapita chini yake, lilikaa tupu miaka mingi mpaka kampuni moja ya New York ikaja na mamia ya mamilioni kulifufua. Burke akataka kazi za kodi za lile jengo. Aliyekuwa anamuunganisha ni diwani mwenzake Danny Solis wa kata ya 25, mwenyekiti wa kamati ya mipango ya ardhi, na Burke hakujua kwamba Solis alishabanwa na FBI kwa makosa yake mwenyewe na tangu 2016 alikuwa anatembea na kinasa sauti. Kwa hiyo sauti ya Burke tunayo. Mei 2017 anamuuliza Solis kama wamefanikiwa kumvua yule jodari, yaani kumnasa yule mteja mkubwa. Siku nyingine analalamika kwamba mashine ya pesa haijalia bado, na kama hawampi kazi basi kwa upande wake hao watu shauri yao (yeye alitumia tusi ambalo sitaliandika hapa). Ni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya jiji la watu milioni 2.7 huyo anayeongea.

Ya tatu ni ya bango. Mwenye eneo upande wa kaskazini magharibi alitaka duka la vinywaji liruhusiwe kuweka bango juu ya nguzo, jiji likakataa, akamwandikia mwanasheria wake kwamba Burke ni mtu mzito pale City Hall, jengo kuu la serikali ya jiji, na anamhitaji sasa hivi, halafu akamtupia Burke kazi ya kodi. Ile wala haikuwa kata ya Burke! Na bado mtu alijua mlango wa kugonga ni upi.

Na makumbusho ya Field nayo yakaingia. Mwaka 2017 walitaka kupandisha kiingilio, wakampigia Burke kusikia kama atapinga, kumbe mzee ana kinyongo, binti wa rafiki yake wa siku nyingi aliyewahi kuwa diwani aliomba nafasi ya mafunzo ya kazi pale makumbusho na hakujibiwa. Akawaambia wazi kwamba mwenyekiti wa Kamati ya Fedha akimpigia simu mkuu wa bodi ya bustani za jiji ombi lao halifiki popote. Watu wa makumbusho wakaanza kuhangaika kumtafutia binti nafasi. Hapa hakukuwa hata na pesa, ni mtu kukumbushwa tu nani mkubwa, na kwangu mimi hii ndo inaonyesha tabia ilivyokuwa imekomaa, kwamba alishaona ni haki yake.

Novemba 29 mwaka 2018 FBI wakaingia City Hall asubuhi, wakatoa watu, wakabandika karatasi za kaki kwenye vioo vya ofisi yake ili mtu asichungulie, wakapekua mchana kutwa. Januari 2019 akafunguliwa mashtaka, akaachia uenyekiti. Februari akagombea tena na akashinda kwa zaidi ya nusu ya kura, mashtaka yakiwa mezani. Kuna watu wanawacheka wapiga kura wa kata ya 14 kwa lile, wengi wao sa hizi ni familia za Kimeksiko, wahamiaji kama sisi. Mimi siwacheki. Mtu akishakaa miaka 50 anayekurekebishia barabara na kukusemea mahali ni yeye, unamkataaje wakati hujui atakayekuja ataweza kuinua simu ikapokelewa? Ule ndo ulikuwa mfumo wenyewe, kwamba huduma ambayo ni haki yako inakufikia kama fadhila ya mtu mmoja.

Kesi ikaja kusikilizwa Novemba 2023, na Desemba 21 jopo la wananchi 12 likamkuta na hatia kwenye makosa 13 kati ya 14, kuigeuza ofisi ya umma kuwa genge la uhalifu, kupokea rushwa, kujaribu kuwakamua watu kwa vitisho. Ile kauli ya wananchi 12 wa kawaida, waliokaa wiki sita kusikiliza kanda, naiheshimu sana.

Juni 24 mwaka 2024 Jaji Virginia Kendall akampa hukumu. Waendesha mashtaka waliomba miaka 10. Akapewa miaka 2 na faini ya dola milioni 2. Barua za kumwombea zilikuwa zaidi ya 200, mapadri, majirani, watu aliowafadhili, na jaji mwenyewe alisema hajawahi kuona barua za namna ile. Septemba akaingia gereza la Thomson hapahapa Illinois, na Julai 2025 akatoka pale, hakumaliza hata miezi 10.

Sitaki mzee wa miaka 80 afie jela, sio hoja yangu, na jaji alikuwa na sababu zake kisheria. Ila zile barua 200 nimeziwaza sana. Naamini zilikuwa za kweli. Ni kweli alimlipia mtu mazishi, ni kweli alimtafutia kijana kazi. Lakini swali ambalo halikuwa na wa kuliandikia barua ni hili, huyo mtu alikuwa anatoa kwa uwezo gani? Uwezo wa kumtafutia kijana kazi na uwezo wa kusimamisha mafundi wa Burger King ni uwezo mmoja. Wema wake na vitisho vyake vilikuwa vinatoka kwenye mfuko mmoja, na mfuko ule ni wetu. Na wale aliowakwamisha hawakuandika barua, maana wengi hawakujua kama wamekwamishwa, waliambiwa tu kibali hakijatoka.

Sasa nyie. Mnapenda kusema yule alikuwa samaki mmoja kaoza. Tangu miaka ya sabini madiwani wa Chicago waliokutwa na hatia mahakamani ni zaidi ya 30. Kwa hawa wa karibuni tu, Willie Cochran wa kata ya 20, Ricardo Muñoz wa kata ya 22, Patrick Daley Thompson wa kata ya 11 ambaye ni mjukuu wa Daley mkubwa. Vrdolyak mwenyewe wa vita vya 1983 alikuja kukiri kosa 2008. Na Michael Madigan, spika wa bunge la jimbo aliyeitawala Springfield kwa miongo kadhaa, kahukumiwa miaka 7 na nusu Juni 2025, na kanda za Solis zilikuwemo pia. Watu wengi hivyo, wa rangi tofauti, wa kata tofauti, wa vizazi tofauti, hatuwezi kuendelea kusema ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Kinachowaunganisha ni ile desturi yenu ya kwamba diwani ndo mwenye kata yake. Haijaandikwa kwenye sheria yoyote kwamba diwani mmoja anaweza kuua mradi wa nyumba, au kukataa eneo libadilishwe matumizi, ila akisema hapana wenzake 49 kwa kawaida wanamfuata, ili na wao kesho wakisema hapana wafuatwe. Ni kama mlinzi wa geti aliyeachiwa aamue mwenyewe nani apite, halafu tunashangaa akianza kuomba ya chai. Na haya sio ya Burke peke yake wala sio ya rushwa tu, mwaka 2023 Wizara ya Nyumba ya serikali kuu ilisema hiyo desturi inawaumiza watu weusi na Walatino, kwa sababu kata zenye uwezo zinaitumia kuzuia nyumba za bei nafuu zisijengwe kwao.

Yapo mliyoyafanya na nayatambua. Mfuko wa wafanyakazi walioumia ulitolewa Kamati ya Fedha mwanzoni mwa 2019. Meya Lightfoot siku aliyoapishwa Mei 2019 alisaini amri kwamba idara za jiji zisisubiri ruhusa ya diwani kwenye vibali vya kawaida. Mwaka huohuo Baraza likapitisha diwani asifanye uwakili wa kupinga kodi za majengo, na mkaguzi mkuu akapewa nguvu zaidi juu yenu. Vizuri sana. Ila amri ya meya inafutwa na meya anayefuata kwa kalamu ileile, na kwenye matumizi ya ardhi ile desturi mmeiacha ilivyo.

Kwa hiyo naomba haya, na naomba mnijibu kama mlivyo, jina kwa jina.

Vibali vya biashara, iwe bango, iwe turubai la dukani, iwe njia ya magari, viwe na siku za mwisho zilizoandikwa kwenye sheria ya jiji yenyewe na sio kwenye amri ya meya, na kisiwepo hata kimoja kinachosubiri neno la ofisi ya kata. Dada aliyefungua saluni na anataka bango lake lionekane asiwe na haja ya kumjua diwani kabisa. Asiwe na haja ya kujua hata jina lake. Diwani akitaka kupinga aende kupinga kama mwananchi mwingine, kwa maandishi, sababu zikiwekwa wazi.

Kwenye mipango ya ardhi, ombi likishaingia lipewe tarehe ya kusikilizwa na lisikilizwe, hata kama diwani wa eneo halitaki. Mkutane mbele za watu mbishane, mpige kura. Maombi ya watu yanavyokaa kwenye kamati miezi na miaka bila kuitwa, na hamna mtu aliyesema hapana kwa sauti yake, ndo pale ambapo mazungumzo ya pembeni yanapata nafasi. Burke hakuhitaji kumkataa mtu, alihitaji tu kumchelewesha.

Kazi za nje nazo zifungwe kabisa. Mmezuia uwakili wa kodi za majengo kwa sababu ndo alichokamatwa nacho Burke, lakini diwani anayelipwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka bado anaweza kuwa na biashara nyingine na wateja wengine. Mwenye kuona mshahara hautoshi asigombee, wapo watakaogombea.

Halafu nyie wa Springfield. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Illinois ilisema sheria yenu ya uchaguzi haikatazi mwanasiasa kutumia pesa za kampeni kulipa mawakili wa kesi ya jinai, na kesi ile ilipelekwa na diwani Byron Sigcho-Lopez aliyechukua kata ya Solis, alikuwa anahoji Solis kutumia pesa za wachangiaji wake kujilipia mawakili. Mahakama imeshasema tatizo ni sheria ilivyoandikwa, basi iandikeni upya. Burke naye kajitetea kwa pesa za kampeni, na wengine waliochanga ni haohao waliokuwa wanahitaji vibali. Mtu anakukamua, halafu mchango uliompa kwa woga unamlipia wakili wa kusema hakukukamua. Hii hamuoni? Sentensi moja tu inatosha, kwamba pesa ya kampeni isilipie utetezi wa mashtaka ya jinai yanayotokana na ofisi.

Na kwa madiwani wa muda mrefu, mliokaa naye. Kwenye hii habari yote, waliofichua ni FBI na diwani mmoja aliyebanwa. Sijasikia diwani hata mmoja aliyekwenda kwa hiari yake kusema jamani mwenzetu anafanya hivi. Miaka 30 na ushee ya Kamati ya Fedha, vikao vya kila mwezi, mnaona anajitoa kwenye kura hii na ile kwa sababu ana mteja pale, mnajua ana ofisi ya uwakili, mnajua wanaokuja kumuona ni akina nani. Mkanyamaza kwa sababu mambo mengi ya pesa za jiji yalipita kwake. Naombeni mtuwekee sheria ya kumlinda mfanyakazi wa ofisi ya kata atakayekwenda kwa mkaguzi mkuu, maana wale vijana wanaopokea simu ndo wanaona kila kitu, na sa hizi kazi yao ipo mikononi mwa huyohuyo wanayetakiwa kumsema.

Uchaguzi wa jiji ni Februari 2027. Pelekeni haya Barazani kabla ya hapo, yasifichwe kwenye kamati, yapigiwe kura ya wazi na kila diwani aitwe jina. Mtakavyopiga tutaandika kwa Kiswahili, kata kwa kata, na tutabandika kila mahali tunapokutana, misikitini, makanisani, kwenye magrupu ya WhatsApp, ili kila mwenye kura ajue diwani wake alisema ndiyo au hapana.

Wenu,
Mkazi na mlipa kodi wa Chicago